Nakala ya Tatu

Nina tabia ya kuandika upya. Barua ya mistari sita niliweza kuiandika mara nne, kisha nikagundua kwamba ile ya pili ndiyo ilikuwa nzuri, nikarudi kuitafuta kwenye kapu la taka. Niliajiriwa kuwa karani na mkalimani katika ofisi moja ya serikali mjini Garissa, mwaka wa pili wa vita vya kujitenga kwetu Wasomali, na kwa muda mrefu niliamini kwamba tabia hiyo ndiyo sifa yangu pekee.

Karani mkuu hakuamini hivyo. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, aliyeletwa kwetu kwa uhamisho asioutaka, na alihesabu miezi iliyombakia kama mtu aliyefungwa. Siku moja alisimama nyuma ya kiti changu akaangalia karatasi nilizozichana.

"Ndugu yangu, hii ni barua ya kuomba mafuta ya taa. Huko inakokwenda hakuna mtu atakayeisoma hata mara moja. Wewe unaiandikaje mara nne?"

Jibu la kweli ni kwamba niliogopa. Nilisoma madarasa manne tu. Baba alipofariki, abti, yaani kaka yake mama, alinichukua akanilea, na katika nyumba ya mfugaji hakuna nafasi ya mtu wa kukaa na kitabu. Kiswahili nilikiokota sokoni na kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Kiingereza nilikipata kutoka kwenye kamusi isiyo na jalada, na kutoka kwenye sanduku la majarida ambayo maofisa wa zamani waliyaacha walipoondoka. Yalikuwa majarida ya wasomi, yanayojadili mambo ya siasa na utawala wa dunia: mataifa mawili makubwa yaliyotishana kwa mabomu, nchi zilizopata uhuru juzi, na swali la nani ana haki ya kuitwa taifa. Nilikuwa na daftari la maneno. Dola. Mamlaka. Uhalali. Haki ya watu kujiamulia mambo yao. Niliyakariri kama mtoto wa chuo anavyokariri aya, na kila nilipokutana na mtu aliyesoma nilihofu atanigundua.

Vita vyetu vilitajwa katika majarida yale mara moja tu, katika tanbihi, kwa herufi ndogo. Nakumbuka niliisoma tanbihi ile nikaona fahari. Wakati huo huo, nje ya dirisha, askari walikuwa wakipekua magunia ya wanawake waliokuja kuuza maziwa, na mimi nikaona fahari kwa sababu tumeandikwa. Nasema hivi ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayezungumza naye.

Mwaka uliofuata mtafiti alikuja. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kutoka Tanganyika, mtu mwembamba, mpole, mwenye Kiswahili kilichonifanya nione haya kufungua kinywa. Alifika na msafara wa malori uliosindikizwa na askari, akiwa na kibali kilichosema anaruhusiwa kukaa mjini siku kumi, kuzungumza na raia, na kuacha nakala ya ripoti yake ofisini kabla ya kuondoka. Alikuwa akiandika kuhusu mipaka. Nchi mpya za Afrika zilikuwa zimekubaliana kuiacha mipaka kama zilivyoikuta, na yeye alitaka kujua kinachompata mtu aliyejikuta upande asiouchagua.

Nilikabidhiwa kazi ya kuwa mkalimani wake. Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilipanga maneno yangu kabla ya kuyasema, na alipotaja jambo nililolisoma nilitingisha kichwa haraka mno.

"Wasomi husema dola ni ardhi, watu na serikali," aliniambia siku ya kwanza. "Hapa ardhi naiona. Serikali naiona kila baada ya hatua ishirini, ina bunduki. Watu ndio sijui wanajionaje. Nani anaweza kunieleza bila kuogopa?"

Hapo nilifanya kosa la kwanza, na lilikuwa la kujitapa. Nilisema, "Ninaye mtu. Abti yangu."

Abti alikuja mjini kesho yake kununua sukari na majani ya chai. Nilimketisha kwenye kibaraza cha chumba nilichopanga, asubuhi, nikampa chai, na mtafiti akaketi pembeni na daftari lake. Abti alimtazama, akanitazama, akauliza kwa Kisomali, "Huyu ni wa kwenu ofisini?"

"Hapana, abti. Ni mwalimu. Anasoma habari za watu."

"Ana sura ya mtu mwenye njaa," akasema, akamsogezea kikombe chake mwenyewe.

Kisha nikamwambia, "Warran." Toa habari.

Inabidi nieleze. Kwetu mtu akitoka porini haulizwi hali tu. Huketi, hunywa, kisha hutoa habari yote kwa mpangilio: mvua imenyesha wapi na imekosa wapi, nyasi ziko hali gani, kisima kipi kimekauka, nani amehamia wapi, ngamia wapo upande gani na nani anawachunga, na njiani amekutana na nani. Haruhusiwi kuongeza wala kupunguza, maana anayesikiliza ataongoza mifugo yake kwa maneno hayo. Kumficha habari mtu wako ni aibu, karibu sawa na kumnyima maji. Akimaliza, anayesikiliza naye hutoa za kwake. Ni mkopo unaolipwa pale pale.

Abti alizungumza robo saa nzima, sauti ya chini, macho kwenye vidole vyake. Mtafiti akaniinamia.

"Anasema nini muda wote huu?"

"Ananipa habari tu, mwalimu. Ni kama salamu. Bado hatujaanza."

"Kijana, tumeshaanza zamani. Serikali haiwezi kutawala mtu ambaye haijui alipo. Ofisi yako inatafuta mwaka mzima kile ambacho mzee huyu amekupa kwa kikombe cha chai. Niandikie yote. Usiruke kitu."

Usiruke kitu! Hakuna mtu aliyewahi kuniagiza jambo nililolitaka zaidi. Niliandika yote. Abti aliponiona naandika aliitazama kalamu, kisha akaendelea. Baadaye nilijua kwa nini aliendelea: aliyekuwa akiandika ni mtoto wa dada yake.

Habari ilipokwisha mtafiti akauliza maswali yake. Serikali ni nini?

Abti alifikiri. "Mwambie serikali ni mgeni anayetaka habari zako na hatoi zake."

Nilipotafsiri, mtafiti alicheka kwa furaha, akaandika, akapigia mstari mara mbili. Akauliza kuhusu mpaka, na kuhusu wale wanaotaka kujitenga, na kuhusu bendera.

"Anauliza unataka kuwa chini ya bendera ipi, abti."

"Wewe umemwambiaje?"

"Mimi sijaulizwa."

"Una bahati." Akajikuna ndevu. "Mwambie mvua ikinyesha ng'ambo ya mpaka, ngamia huinua vichwa. Mimi huwafuata. Kabla watu wa serikali hawajaniuliza bendera, walikuwa wakiniuliza kodi. Na yeye je? Kwao kumenyesha?"

Mtafiti alishika kalamu hewani. Hakujua kama kwao kumenyesha. Alikuwa ameondoka siku nyingi, na barua alizopata hazikutaja mvua.

"Maskini," abti akasema, kwa huruma ya kweli. "Mwambie mama yake amuandikie vizuri."

Jioni ile nilikaa kwenye taipureta ya ofisi nikapiga maelezo yote, kwa Kiswahili, kurasa tisa. Niliweka karatasi tatu na kaboni mbili. Nakala ya kwanza ilikuwa ya mtafiti. Ya pili ilikuwa yangu, kwa kuwa nilitaka kuwa na kitu nilichokiandika mimi. Ya tatu ilikuwa ya faili.

Faili haikuidai. Kibali kilitaka ripoti peke yake, na ripoti ya mtafiti ilikuwa kurasa mbili zisizomtaja mtu. Lakini katika ukurasa wa pili alikuwa ameandika, "Tazama maelezo ya mzungumzaji wa tatu, uk. 7." Mzungumzaji huyo alikuwa abti. Niliisoma sentensi ile siku mbili. Ripoti katika faili letu inamtuma msomaji kwenye ukurasa wa saba, na ukurasa wa saba haupo. Iliniwasha kama mwiba kwenye unyayo.

Karani mkuu alipoona ninatoboa matundu kwenye kurasa tisa aliuliza, "Na hii nayo ni ya nini?"

"Ni kiambatisho."

"Kimeombwa?"

"Hapana. Lakini ripoti inautaja ukurasa wa saba."

"Profesa wa Mto Tana," akasema, akicheka bila nguvu. "Siku utakayokufa utawauliza malaika ukurasa wa saba uko wapi." Akapiga mhuri.

Naweza kusema sikujua. Watu wengi wangeniamini. Ukweli ni kwamba ukurasa wa saba ndio uliokuwa na bwawa la mvua ambako ngamia wa abti walikuwa wakinywa, safari ya siku mbili kutoka Modogashe, katika eneo ambalo amri ya hali ya hatari ilikuwa imelifunga kwa mifugo na watu. Jina la bwawa lilikuwa pale, na jina la kijito kikavu kinachoelekea huko, na jinsi ngamia walivyogawanywa, wenye maziwa na wasio na maziwa, na mwana mkubwa wa abti aliyekuwa nao. Nilipofika kwenye jina lile vidole vilisita juu ya matundu. Nikajiambia faili hizi hakuna anayezisoma. Karani mkuu mwenyewe husema hivyo kila siku. Nikalisukuma faili ndani ya kabati, na kwa mara ya kwanza wiki ile nililala.

Mtafiti aliondoka. Miezi ikapita, vita vikawa vibaya zaidi. Magari yalilipuliwa barabarani, na kila gari lililolipuliwa lililipiwa na watu waliokuwa karibu, waliofanya na wasiofanya. Kisha amri ikatoka kwamba watu wote wa porini wahamie mahali palipochaguliwa, pamezungushiwa miiba na seng'enge, pana lango moja. Kwenye karatasi zetu tuliandika "kijiji". Watu waliita kambi. Mimi nilitafsiri amri ile kwa kipaza sauti, nikatumia neno la karatasi, na hakuna aliyenicheka, ingawa nilistahili.

Abti alihamia kambini na mkewe, watoto wadogo na mbuzi. Ngamia aliwaacha kule kule kwenye lile bwawa, lililojaa tena kwa mvua, pamoja na mwanawe. Ndani ya ua hakuna malisho ya ngamia, na ngamia ndio nyumba yetu: maziwa, mahari, safari, jina. Mtu mwenye mbuzi tu ni mtu anayesubiri.

Majuma machache baadaye mwanawe aliingia kambini kwa miguu, midomo imepasuka. Askari wa doria walikuwa wamekuja moja kwa moja hadi bwawani, bila kuzunguka, bila kumuuliza mtu. Walichukua ngamia wote wakamwachia kibuyu cha maji.

"Walijuaje?" mke wa abti aliuliza, mbele yangu, akimtazama mwanawe. "Ni nani aliyewapeleka?"

Nilirudi ofisini nikafungua kabati. Chini ya jina la bwawa, katika ukurasa wa saba, kulikuwa na mstari wa penseli, umenyooka, wa mtu aliyetumia rula. Pembeni palikuwa na alama ya vyema. Maisha yangu yote nilitamani mtu mkubwa asome kazi yangu aiwekee alama ile.

Nilimwonyesha karani mkuu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Aliitazama muda mrefu, akavua miwani.

"Sikumpa mtu faili hili," akasema. "Askari huja wakachukua wenyewe."

"Najua."

"Ngamia wamezuiwa hapa hapa, nyuma ya bohari. Baada ya wiki mbili watauzwa. Mwenyewe anaweza kudai, kuna fomu, lakini anatakiwa kuleta ushahidi kwamba ni wake." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Ushahidi ndio huu. Alama ya moto, rangi, nani mtoto wa nani. Yote umeandika. Hakuna mfugaji mwingine katika mkoa huu mwenye karatasi kama hii."

"Inaonyesha pia kwamba walikuwa eneo lililofungwa."

"Ndiyo. Kosa la malisho afisa anaweza kulisamehe akiamka vizuri. Ngamia wasio na mwenyewe hawezi kuwarudisha hata akitaka. Mzee aweke dole gumba hapo chini kwamba maneno ni yake." Akavaa miwani. "Nenda leo, ndugu yangu. Usiandike kwanza."

Nilipata pasi ya kuingia kambini saa nane mchana. Jua lilikuwa kali na ndani ya ua hapakuwa na mti hata mmoja, yote ilikatwa ili askari waone vizuri. Abti alikuwa ameketi kwenye kivuli chembamba cha aqal, nyumba yetu ya mikeka, akisokota kamba isiyokuwa na kazi tena. Njiani nilikuwa nimetayarisha maelezo yenye utangulizi. Yalinipotea yote.

"Abti, ngamia walipatikana kwa sababu yangu."

Aliendelea kusokota. "Uliwapeleka askari?"

"Hapana."

"Uliwaambia?"

"Niliandika. Ile habari uliyonipa siku ya mwalimu. Niliiweka ofisini."

"Mwalimu alikuamuru?"

"Hapana. Yeye aliondoka na yake."

"Wakubwa wako walikulazimisha?"

Nikaelewa kwamba ananitafutia milango ya kutokea, mmoja baada ya mwingine, na mimi ninaifunga. "Hakuna aliyenilazimisha. Ukurasa ungekosekana."

"Ukurasa," akasema. Akaweka kamba chini. "Umekuja nao?"

"Ninao."

"Soma."

Nilimsomea, nikiurudisha kwa Kisomali neno kwa neno. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama mtu anayepewa habari za ngamia wa mtu mwingine. Mkewe alitoka nje akasimama mlangoni. Nilipomaliza abti alinyoosha kidole kwenye karatasi, mahali ambapo kwake yeye palikuwa sawa na pengine popote.

"Yule mama wa wale watatu. Nilisema mweupe. Umesoma wa kijivu."

Ilikuwa kweli. Nilikosea. Kurasa tisa, na lile neno moja lililokuwa na thamani kwake nilikuwa nimeliandika vibaya.

Nilimweleza fomu, afisa, na dole gumba. Mkewe alisema kutoka mlangoni, "Asiweke. Wataitumia kumfunga."

"Watanifunga wapi?" abti akauliza, akizungusha mkono kuonyesha ua. "Lete wino."

Aliweka dole gumba, akalifuta mchangani, akauliza kama ngamia watamjua akienda kuwachukua. Nikasema watamjua. Akasema hakuniuliza mimi.

Afisa aliamka vizuri. Walirudishwa wachache, wale ambao rangi na alama zao zililingana na karatasi. Mama mweupe hakurudishwa, kwa kuwa karatasi ilisema wa kijivu, na wa kijivu hakuwapo. Waliorudi walisimama ndani ya ua wakila miiba ya ua wenyewe, na mwisho wa kiangazi walibaki wawili.

Makala ya mtafiti ilinifikia kwa posta mwaka huo huo. Ilifunguka kwa maneno ya abti kuhusu mgeni asiyetoa habari zake, yakisemwa na "mfugaji mmoja". Ilikuwa makala nzuri. Ilieleza kwamba nchi changa, ikiogopa kingo zake, huanza kuwatawala watu wa kingoni kama adui, na kwamba uhalali hauletwi na lori. Nimeisoma mara nyingi na sijaona mahali pa kuichukia. Jambo la kwanza nililoliona, naungama, lilikuwa kosa la chapa katika ukurasa wa tatu.

Mimi bado ni karani. Sijui kazi nyingine. Huwa naenda kambini kila Ijumaa baada ya swala, na abti hajawahi kuninyima mkeka wala chai. Ijumaa iliyopita nilimkuta langoni na mzee mwenziwe aliyeletwa siku hiyo kutoka upande wa Habaswein. Wameinamiana, na abti anatoa habari, sauti ya chini, kwa mpangilio, kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Niliposogea aliniona. Akaikata sentensi katikati.

"Warran, abti," nikamwambia.

"Nabad," akasema. Amani, na habari haikufuata. Kisha akamwambia mwenziwe asogee, mtoto apate kivuli.